Makro Ilivyonilia Hesabu

Programu ya asembli kwenye Linux haichapi hata herufi moja bila kuuomba mfumo endeshi. Kwa prosesa za biti 64 unaweka namba ya huduma kwenye rejista rax: kuandika ni 1, kufunga programu ni 60. Halafu rdi inabeba mahali pa kuandikia, rsi anwani ya maneno, rdx urefu wake. Mwisho amri ya syscall.

Mistari mitano kila ukitaka kusema "habari"! Ndiyo maana watu wanatumia makro: unaipa mistari ile jina moja, tuseme andika, na NASM inaibandika yote kila unapolitaja.

Hapo ndipo nilipoumia, mimi mtu wa ualimu niliyejipeleka mwenyewe. Niliweka andika ndani ya mzunguko wa mara 10, hesabu nikiiweka kwenye rcx kama amri ya loop inavyotaka. Ikachapa bila kukoma. Kumbe syscall yenyewe inafuta rcx na kuweka humo anwani ya kurudia. R11 nayo inapotea. Ningekuwa nimeandika syscall kwa mkono wangu ningeiona, lakini makro iliifunika. Siku hizi ndani ya makro naanza na push rcx, namaliza na pop rcx.