Volti, Ampea na Hatua Zinazopotea: Jinsi ya Kuchagua Draiva na Pawa Saplai za Mota za Hatua

Mashine nyingi zinazofanya kazi kwa amri za kompyuta, kuanzia printa za pande tatu hadi mashine za kuchonga milango na samani katika karakana za mijini, hutegemea mota ya hatua, ambayo mafundi huiita stepa. Mota hii haizunguki mfululizo kama ya feni, bali husogea hatua moja kila inapopokea pigo moja la umeme, na katika aina iliyoenea zaidi mzunguko mmoja kamili hugawanyika katika hatua 200, yaani nyuzi 1.8 kwa kila hatua. Uzuri wake ni kwamba kompyuta inayohesabu mapigo iliyoyatuma hujua mota ilipo bila kuhitaji kifaa cha kupima. Ubaya wake ni kwamba mota ikishindwa kufuata mapigo hayo hakuna kinachoiarifu kompyuta, nayo huendelea kuchonga mahali pasipostahili hadi ubao uharibike. Hatua zikipotea namna hiyo mota ndiyo hulaumiwa, na mwenye karakana hununua iliyo kubwa zaidi, ilhali mara nyingi kasoro imo katika vifaa viwili vinavyoilisha: draiva, ambayo hupeleka umeme kwenye koili za mota kwa zamu, na pawa saplai, ambayo hugeuza umeme wa gridi kuwa mkondo mnyoofu wa volti ndogo.

Utata huanzia kwenye kibandiko cha mota yenyewe. Jina NEMA 23, lililotokana na viwango vya chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme cha Marekani, hueleza tu kwamba uso wa mota una upana wa inchi 2.3 hivi, karibu milimita 57, wala halisemi lolote kuhusu nguvu, kwa kuwa mota mbili zenye uso wa namna hiyo huweza kutofautiana sana kwa urefu na kwa uwezo. Mota moja ya kawaida ya ukubwa huo huandikwa ampea 2.8 kwa kila koili na ukinzani wa omu 1.13, na anayezidisha tarakimu hizo hupata volti 3.2. Mtu aliyesoma hivyo huogopa kuilisha volti 36, na hofu yake ingekuwa ya haki kama mota ingeunganishwa moja kwa moja na pawa saplai. Lakini draiva za kisasa hupima mkondo unaopita katika koili, hukata umeme mara mkondo ufikapo kiwango kilichowekwa, kisha huurudisha unaposhuka, na hurudia kazi hiyo maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa hiyo volti ya kibandiko hueleza tu kiasi kinachotosha kudumisha mkondo huo mota ikiwa imesimama.

Sababu ya kuhitaji volti nyingi ni kwamba mkondo haupandi papo hapo. Koili ina induktansi, yaani tabia ya kupinga badiliko la mkondo, inayopimwa kwa milihenri, na mota iliyotajwa huwa na milihenri 3.6 hivi. Ikilishwa volti 12, mkondo huhitaji walau sekunde 0.00084 kufika ampea 2.8, ikilishwa volti 36, huhitaji takriban theluthi ya muda huo, yaani sekunde 0.00028. Tofauti hiyo huonekana haina uzito hadi iwekwe kando ya kasi ya mashine. Parafujo inayosogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, ikitakiwa kwenda mita 3 kwa dakika, huzunguka mara 10 kwa sekunde, ambazo ni hatua 2,000, na kila hatua hupewa sekunde 0.0005 tu. Kwa volti 12 hatua huisha kabla mkondo haujakamilika, na kwa kuwa nguvu ya kuzungusha hufuata mkondo, mota huwa dhaifu pale pale kisu kinapohitaji kusukumwa. Kwa volti 36 mkondo hufika na muda hubaki. Tena mota inayozunguka huzalisha volti zake yenyewe zinazopingana na zile za draiva, na volti hizo huongezeka kadiri kasi inavyoongezeka, jambo linaloifanya hali halisi kuwa ngumu kuliko hesabu hii. Ndiyo maana mashine iliyo imara inaposogezwa polepole huweza kupoteza hatua inapokimbizwa, hata kama mota yake ni kubwa. Na mota kubwa zaidi yenye induktansi kubwa zaidi, ikilishwa volti zile zile, yaweza kuongeza tatizo badala ya kuliondoa.

Volti nazo zina mpaka. Kanuni inayotumiwa sana na wajenzi wa mashine husema kikomo cha juu ni 32 mara kipeuo cha pili cha induktansi kwa milihenri, na kwa mota ya mfano hupatikana volti 61 hivi. Kupita hapo mota hupata joto zaidi bila faida ya maana. Kikomo cha draiva, hata hivyo, ndicho kinachotangulia kugongwa. Draiva ndogo za printa kama A4988 huvumilia hadi volti 35, na DM542, inayoonekana sana kwenye mashine za mbao, hupokea volti 20 hadi 50. Kuilisha hii ya pili volti 48 kunawezekana kwenye karatasi, ila huacha volti 2 tu za usalama, na kwa sababu zitakazoelezwa nafasi hiyo haitoshi. Volti 36 ni chaguo la busara zaidi.

Kwa upande wa mkondo, draiva lazima imudu ampea za mota, na hapo kosa la kawaida ni kuchanganya kilele na wastani wa ufanisi, kwa kuwa mkondo wa koili hupanda na kushuka kama wimbi, na kilele chake huzidi wastani huo mara 1.4. Jedwali lililobandikwa kwenye DM542 huonyesha safu zote mbili, ambapo kilele cha ampea 4.2 ni sawa na wastani wa ampea 3.0, na asiyetazama safu sahihi huinyima mota nguvu au huichoma. Swichi ya kupunguza mkondo kwa nusu mota inaposimama yafaa iwashwe pale ambapo hakuna mzigo unaoning'inia, kwani mota ya hatua hula umeme na kutoa joto hata ikiwa haisogei.

Kugawa hatua, yaani kuifanya draiva iigawe kila hatua katika vipande 8, 16 au zaidi, hutuliza mtikisiko na kelele, lakini wauzaji wengi hukutangaza kana kwamba ni usahihi. Hatua nzima ya mota ya kawaida hukosea hadi asilimia 5 hivi, kwa hiyo vipande vidogo kuliko hapo huzama ndani ya kosa lenyewe. Mgawanyo mkubwa pia hudai mapigo mengi: kwa kasi ya mfano, vipande 16 huhitaji mapigo 32,000 kwa sekunde, wakati programu ya Grbl kwenye bodi ya Arduino Uno huishia takriban 30,000. Vipande 8 huhitaji 16,000 tu, na kila pigo husogeza meza chini ya milimita 0.004, kiasi ambacho mbao haiwezi hata kukionyesha.

Baada ya hayo ndipo hufuata ukubwa wa pawa saplai. Kwa kuwa draiva hupokea volti nyingi zenye ampea chache na kuipa mota volti chache zenye ampea nyingi, hakuna haja ya kujumlisha ampea zote za mota. Theluthi mbili za jumla hutosha. Mashine yenye mota nne za ampea 2.8 ina jumla ya 11.2, na theluthi mbili zake ni ampea 7.5 hivi, kwa hiyo pawa saplai ya volti 36 na wati 350, inayotoa karibu ampea 9.7, huimudu kwa nafasi. Nyingi za aina hiyo zina swichi ndogo ubavuni ya kuchagua umeme wa gridi wa 110 au 220, na ikiachwa kwenye 110 katika nchi zinazotumia volti 230 au 240, kifaa hulipuka mara ya kwanza kinapowashwa. Njia nyingine ni transfoma yenye dayodi na kapasita kubwa: transfoma ya volti 24 hutoa takriban volti 32 za mkondo mnyoofu. Ni nzito, na volti zake hupanda gridi inapopanda, lakini ina sifa moja ya thamani. Daraja zito la mashine linaposimamishwa ghafla, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme nyuma. Kapasita kubwa huupokea kama tangi la maji juu ya paa, ilhali pawa saplai ya kisasa huweza kujizima ikidhani kuna hitilafu, na draiva iliyo ukingoni mwa kikomo chake huungua.

Kila draiva ivutiwe waya wake kutoka kwenye pawa saplai, na mota isichomolewe kamwe umeme ukiwa umewashwa, kwa sababu koili inayokatwa ghafla hutoa volti kali zinazoiua draiva. Umeme wa gridi ukikatika katikati ya kazi, hesabu ya mapigo huwa haina maana tena, hivyo swichi za mwisho wa reli, zinazoiwezesha mashine kuitafuta sifuri yake upya, ni za lazima mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara. Mashine ikishafungwa, ipelekwe mbele na nyuma mara nyingi kwa kasi inayoongezwa kidogo kidogo, huku geji ya saa ikionyesha kama inarudi sifuri. Kasi ya kazi iwekwe chini ya ile iliyoanza kupoteza hatua kwa walau theluthi moja, na multimita iachwe kwenye pawa saplai wakati daraja linafunga breki, ili ionekane ni volti ngapi zinazorudi.