Je, Wajua? Neno "sisal" ni jina la bandari ya Meksiko

Neno la Kiingereza "sisal", ambalo mwanafunzi wa sekondari wa Handeni au Korogwe hulikuta katika somo la jiografia, limetokana na jina la bandari ndogo ya Sisal iliyoko Yucatán, nchini Meksiko, ambako nyuzi za mmea huo zilikuwa zikisafirishwa kwenda ng'ambo. Mmea wenyewe uliletwa katika Tanzania ya leo mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyosalimika, nayo ikapandwa karibu na Pangani, na baadaye kilimo hicho kikaenea hadi mashamba makubwa kama Ngombezi na Magunga wilayani Korogwe.

Ugumu wa neno "sisal" uko katika matumizi. Kiswahili, kwa usahihi unaostahili kusifiwa, huuita mmea mkonge na nyuzi zake katani, yaani kile kinachopatikana baada ya majani kuchakatwa katika mtambo uitwao korona, ilhali Kiingereza hutumia neno moja kwa vyote viwili, na msomaji hubaini maana kwa kutazama muktadha. Aidha, neno hilo kwa kawaida ni nomino isiyohesabika, yaani isiyochukua umbo la wingi, hivyo anayetaka kutaja mikonge kumi hulazimika kuongeza neno la Kiingereza lenye maana ya mmea. Hutamkwa "saisol", si kama linavyoandikwa.