Shosho wa Jirani: Ulezi wa Kujitolea Nakuru na Bonde la Ufa

Siku fedha za Inua Jamii zinapoingia, maajenti wa benki huko Njoro, Bahati, Molo na Rongai hufungua milango na kukuta foleni tayari imejipanga. Wazee huwa wamekuja kwa bodaboda, kwa matatu, na wengine kwa miguu wakiegemea fimbo. Kando ya baadhi yao husimama mtu wa makamo, mara nyingi mwanamke, aliyeshika vitambulisho viwili, chake na cha mzee. Mgeni humdhania ni binti au mkaza mwana. Mara nyingine si ndugu kabisa. Ni jirani wa ng'ambo ya ua, na shosho yule, yaani bibi kizee, alimwomba mwenyewe awe mlezi wake.

Mpango wenyewe unafahamika kila kijiji. Tangu 2018 serikali ya Kenya imekuwa ikiwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa muda mrefu zilitolewa za miezi miwili kwa mpigo. Asiyeweza kufika anaruhusiwa kuandikisha mlezi wa kumpokelea. Mlezi huhitajika hata kwa mzee ambaye miguu yake bado ina nguvu, kwa sababu mashine husoma alama za vidole, na vidole vilivyochuma pareto na kupalilia mahindi maisha mazima vimesuguliwa hadi mistari yake haisomeki. Katika lokesheni huwekwa kamati ya ustawi wa wanufaika, watu wa kujitolea wanaosikiliza malalamiko: nani amefariki, nani jina lake limeachwa, na mlezi yupi ananong'onwa kwamba anakula pesa za mzee.

Kwa nini jirani, na si mwana? Jibu limo katika historia ya nchi hii. Bonde la Ufa la kati limejazwa na watu waliotoka kwingine. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, walowezi wa Kizungu wakafuata, na mashamba yao yakavuta vibarua kutoka Kiambu, Murang'a, Nyeri, Kericho na magharibi. Baada ya uhuru mashamba mengi yaligawanywa, mengine kupitia kampuni za kununua ardhi kama Ngwataniro-Mutukanio ya miaka ya 1970. Machafuko ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na yale ya 2007 na 2008 yakazing'oa tena familia, wengine wakahamia mahali wasipokuwa na hata kaburi la jamaa. Mzee aliyezaliwa katika kambi ya vibarua Subukia aweza leo kuwa na ukoo Nyeri, ndugu Laikipia, mtoto mmoja Nairobi na mwingine Qatar, huku pale anapolala akiwa na mjukuu mmoja tu wa darasa la tano.

Mila za watu hawa zilitungwa kwa ajili ya nchi yenye ukoo karibu. Kwa Wakikuyu, ambao ni wengi Bahati, Njoro na Naivasha, mali ya mbari, yaani ukoo, ilikuwa na mwangalizi aitwaye muramati. Jomo Kenyatta alimweleza katika Facing Mount Kenya, kitabu kilichotoka 1938. Muramati alishika ardhi kwa niaba ya wote, akawaangalia walio wadogo na walio wanyonge, wala hakuwa na ruhusa ya kuiuza kana kwamba ni yake peke yake. Aliyemtelekeza mzazi aliogopa pia kirumi, laana ya mzazi anayekaribia kufa. Hofu hiyo haijaisha. Hata miongoni mwa vijana walioshika dini, wapo wanaosafiri usiku kucha kutoka mjini kwa sababu baba amesema neno zito.

Kwa Wakalenjin wa Rongai, Kuresoi na Mogotio, kitinda mimba, towet, ndiye aliyebaki katika nyumba ya mama. Kaka zake walijenga kwingine. Yeye alirithi nyumba pamoja na wajibu wa kumtunza aliye ndani yake. Kwa mama asiye na mwana palikuwa na njia nyingine, na hiyo inastahili kuelezwa kwa utulivu kwa sababu watu wa nje huielewa vibaya. Miongoni mwa Wanandi, Wakipsigis na Wakeiyo, mwanamke mzee aliweza kumtolea mahari mwanamke kijana, akamwoa, na watoto waliozaliwa wakahesabiwa kuwa wa nyumba yake. Hakuna mapenzi ya kimwili kati yao. Mzee anapata mikono ya kumpikia na kumwogesha, na nyumba inapata mrithi. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, katika kesi ya urithi ya familia ya Kinandi, iliitambua ndoa ya namna hii na kumpa mke aliyebaki na watoto wake haki ya kurithi. Kwa maneno mengine, mahakama ilikubali kwamba mtu asiye wa damu, aliyeingizwa nyumbani kwa desturi na mbele ya mashahidi, ni jamaa kamili.

Mbele ya mashahidi: hapo ndipo nguvu ya desturi zote hizi ilipokuwa. Muramati alitazamwa na mbari nzima. Mahari ya nyumba ya mama asiye na mwana yalitolewa jua likiwaka na majirani wakihesabu mifugo. Kokwet, baraza la wazee wa ujirani wa Kikalenjin, lilikaa uwanjani chini ya mti, na mwana aliyemnyima mama yake maziwa aliitwa hapo na kuulizwa kila mtu akisikia. Ulezi haukuwa siri ya chumbani. Na ulezi mzuri unaoendelea Nakuru leo, hata mikononi mwa watu wasio wa ukoo, umeirithi tabia hiyo ya kufanya mambo peupe.

Tazama jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki katika dayosisi ya Nakuru, au akina mama wa Woman's Guild wa kanisa la PCEA. Wanapomtembelea mzee anayeishi peke yake hawaendi mmoja mmoja. Huenda watatu au wanne. Mmoja huwasha moto na kubandika uji, mwingine hufua, mwingine hukaa karibu na kitanda akipiga soga na huku akichunguza: je, mgongo una vidonda? Unga uliokuja wiki jana umekwenda wapi? Mbona kuku wamepungua? Maswali hayo huulizwa kwa upole, kwa Kikuyu au Kikalenjin au Kiswahili, na huanza kwa heshima. Mzee huitwa cucu, guka, kogo, au shosho tu kwa lugha ya mjini, hata na mtu asiyehusiana naye kwa lolote. Anayeitwa shosho na mtaa mzima ana wajukuu wengi, na wajukuu wengi ni macho mengi.

Kuna pia wahudumu wa afya ya jamii. Kwa miaka mingi walifanya kazi ya kujitolea bila mshahara. Tangu Septemba 2023 zaidi ya 100,000 kote nchini wamepewa mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Mhudumu anayepita nyumba kwa nyumba hupima presha na sukari, na mara nyingi ndiye wa kwanza kugundua jambo ambalo familia imelificha: kwamba mzee anasahau. Anauliza swali moja mara kumi, anatoka usiku kwenda kukama ng'ombe waliouzwa zamani, anamshuku mkwewe kwa wizi.

Kusahau huku ni ugonjwa wa ubongo, na kutoujua kumeua watu. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati uliowashuku kwa uchawi. Bonde la Ufa haliwezi kujiona salama kwa sababu jambo hilo lilitokea kwa jirani. Mama anayezungumza peke yake njiani alfajiri aweza kuwa hatarini popote. Pale ambapo jumuiya imemzoea, ambapo watoto wa shule wanajua kwamba cucu akipotea arudishwe nyumba yenye lango la buluu, minong'ono hiyo haipati pa kushika. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote ambazo walezi wa kujitolea hufanya, na hakuna fomu inayoihesabu.

Kisha kuna shamba.

Ekari mbili zilizonunuliwa kwa hisa za kampuni miaka ya 1970 leo ziko kando ya jiji. Nakuru ilipewa hadhi hiyo tarehe 1 Desemba 2021, na bei ya ardhi imepanda pamoja na hadhi. Mzee mwenye hati na akili inayofifia ni windo. Huletewa karatasi, hushikwa kidole gumba, huambiwa ni ya hospitali. Kinachowaokoa wengi ni bodi ya kudhibiti ardhi, iliyowekwa na sheria ya 1967, ambayo ni lazima itoe idhini kabla ya shamba la kilimo kuuzwa au kugawanywa. Katika vikao vyake imekuwa desturi kuita familia: mke aje, watoto waje, na chifu aseme kama anawajua. Muuzaji mwenye haraka huuona usumbufu. Kwa kweli ni ukoo uliorudishwa kwa mlango wa ofisi.

Inapofika kwamba mzee hawezi tena kuamua, jirani mwema hana mamlaka ya kuchukua hata senti benki nje ya fedha za Inua Jamii, na mtoto pia hana. Familia nyingi hukimbilia hati ya uwakili, bila kujua kwamba aliyepoteza ufahamu hawezi kuitoa. Njia ya kisheria hupitia mahakamani, chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 1989. Ombi huletwa na ripoti ya daktari, na mahakama inaweza kumteua jamaa wa karibu au mtu mwingine yeyote anayefaa kuwa mlezi, pamoja na msimamizi wa mali. Masharti ni makali. Msimamizi hawezi kuuza ardhi, kuiweka rehani wala kuikodisha kwa zaidi ya miaka 5 bila ruhusa ya mahakama, na ndani ya miezi 6 anapaswa kuwasilisha orodha ya mali na madeni. Muramati angeyatambua masharti hayo bila shida.

Maneno "mtu mwingine anayefaa" yanamfungulia mlango jirani, shemeji, mama wa jumuiya. Hata hivyo wanaoonekana mahakamani ni wake, waume na watoto, hasa wa familia zenye mali ya kutosha kumlipa wakili. Mzee wa chumba cha kupanga katika mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, mwenye kiharusi na shilingi 2,000 za mwezi, haendi huko. Mlezi wake hufanya kazi kwa imani tu, na siku atakapotuhumiwa hana karatasi ya kumtetea.

Lipo pia jambo ambalo sheria imechelewa kulisema lakini walezi wazuri walilijua. Mzee aliyedhoofika bado ana la kusema. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo unataka mtu asaidiwe kuamua kabla ya wengine kuamua kwa niaba yake. Marekebisho ya sheria ya afya ya akili ya 2022 yameingiza nafasi ya msaidizi ambaye mgonjwa mwenyewe anaweza kumteua. Akina mama wanaopeleka uji wamekuwa wakifanya hivyo kwa njia yao: humwuliza shosho avae nguo gani, kuku gani achinjwe, nani aitwe kumwombea. Asubuhi ambayo akili imetulia ndiyo huchaguliwa kwa mazungumzo mazito. Jioni hawamsumbui.

Makao ya wazee bado yanaonewa haya. Nairobi ina Nyumba ya Wazee ya masista wa Little Sisters of the Poor, Kikuyu ina makao ya Thogoto, na Nakuru yenyewe inaijua Alms House. Watu hupeleka huko unga, sabuni na nyimbo siku za Krismasi, lakini mwana anayempeleka mama yake husemwa kijiji kizima. Lawama hiyo ina mantiki yake, ingawa huwaangukia wasiostahili. Binti anayefanya kazi za zamu katika mashamba ya maua Naivasha, na mama asiyeweza kuachwa na jiko, hana chaguo la kujivunia. Kumsema hakumletei msaidizi. Kupokezana naye zamu mchana kunamsaidia, na wapo majirani wanaofanya hivyo.

Udhaifu wa ulezi huu wa kujitolea uko kwa walezi wenyewe. Wengi ni wanawake wanaokaribia umri wa wale wanaowatunza, wenye wajukuu mgongoni na magoti yanayouma, na akihama au akifa mmoja, mzee wake hubaki bila jina lolote kwenye daftari la benki hadi mtu atambue. Ofisi ya chifu ingeweza kuweka orodha ya walezi wa lokesheni: nani anamtunza nani, nani atashika nafasi yake, na majina ya mashahidi wawili waliosikia mzee akimchagua. Kamati za Inua Jamii tayari zinawajua watu hao mmoja mmoja. Orodha kama hiyo, ikiwekwa mbele ya mahakama siku ya ombi, ingempa mama wa jumuiya kitu ambacho hadi sasa wenye pesa pekee wanakipata, na kwa mzee wa Kaptembwo ingekuwa mara ya kwanza jina la mtu anayemlisha kuandikwa mahali panapohesabika.