Mji wa Cologne: Urithi Uliokuja kwa Njia (Sehemu ya Pili)

Wasikilizaji wa redio wa siku nyingi wanalijua jina la Cologne, kwani Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 1963, ilitangaza kutoka huko hadi shirika hilo lilipohamia Bonn mwaka 2003. Juma lililopita tuliutazama mji huo wa Ujerumani tangu ulipopewa hadhi ya koloni la Warumi mwaka 50, kando ya mto Rhine. Leo tuipime lawama inayosikika mara kwa mara: kwamba stesheni kuu ya treni, iliyo hatua chache tu kutoka kanisa kuu, imeuvunjia heshima urithi wa mji. Lawama hiyo haina mashiko, kwa sababu urithi wenyewe uliletwa na njia.

Mwaka 1164 Askofu Mkuu Rainald von Dassel alileta kutoka Milan masalia yanayoaminiwa kuwa ya Mamajusi watatu, na mahujaji wakamiminika. Mwaka 1248 Askofu Mkuu Konrad von Hochstaden akaweka jiwe la msingi la kanisa la kuyahifadhi kwa fahari. Konrad huyohuyo, mwaka 1259, aliupa mji haki ya kuwalazimisha wafanyabiashara waliopita na bidhaa zao wazishushe na kuwauzia wenyeji kwa siku tatu kabla ya kuendelea na safari. Sala na biashara, basi, zilipita mto mmoja. Ujenzi ulikwama katika karne ya 16, kanisa likiwa halijakamilika, hadi mwaka 1842, Mfalme Friedrich Wilhelm IV alipouanzisha upya. Ni mfalme huyo aliyetaka daraja la reli lielekezwe sawasawa na kanisa. Daraja na stesheni vilifunguliwa mwaka 1859. Kanisa likakamilika mwaka 1880, minara yake ikifikia mita 157. Kwa hiyo stesheni haikuja kulivamia kanisa kongwe lililokwisha kujengwa, ilitangulia kukamilika.

Atakayepinga atasema kwamba reli na madaraja viliuletea mji mabomu ya Vita Kuu ya Pili, yaliyoangamiza sehemu kubwa ya mji wa kale. Ni kweli, na gharama hiyo haifai kupuuzwa. Lakini inathibitisha kwamba mji wa njia panda hupata faida na hasara kwa sababu moja. Haithibitishi kwamba Cologne ingekuwa na cha kupoteza bila njia hizo. Tena, UNESCO ilipoliingiza kanisa katika orodha ya urithi ulio hatarini, mwaka 2004, kisa hakikuwa treni bali mpango wa majengo marefu ng'ambo ya mto, ambayo yangeziba mandhari yake. Mpango ulipopunguzwa, kanisa likaondolewa katika orodha hiyo mwaka 2006.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba treni ya kasi huleta mgeni wa saa moja, anayepiga picha mlangoni na kuondoka. Hapo kasoro ni ya ratiba ya mgeni. Avuke kwa miguu daraja la reli la sasa, la Hohenzollern, hadi Deutz, ng'ambo ya mto, kisha ageuke: ataona reli ikielekea moja kwa moja kwenye kanisa, kama ilivyokusudiwa. Juma lijalo tutaingia katika makanisa kumi na mawili ya kale zaidi, ambayo mgeni wa saa moja hayafikii.