Nilidhani andiko langu lipo jikoni

Miaka miwili iliyopita nilimtumia mtafiti mmoja wa nje andiko langu la kuomba ruzuku ndogo ya utafiti. Alikuwa amekubali kulipitia kabla sijaliwasilisha. Siku chache baadaye akajibu kwa sentensi moja: "I've put it on the back burner for now."

Nilifurahi, msomaji wangu, usione. "Burner" si ndiyo inayotoa moto wa jiko? Na kwetu jambo likiwa jikoni, maana yake linapikwa, vuta subira litaiva. Nikamshukuru sana, nikakaa wiki tatu nasubiri chakula. Dirisha la maombi likafungwa. Kumbe jamaa alikuwa ananiambia kwamba ameliweka kando, ana mambo ya haraka zaidi. Ningeelewa siku ile ile ningetafuta mtu mwingine wa kulisoma. Na wala hakunidanganya. Aliniambia waziwazi, ila kwa nahau.

Hebu tazama picha iliyomo. Jiko la gesi la pleti nne lina pleti za mbele, ambako unapika kile unachokikoroga na kukiangalia kila dakika. Za nyuma unaweka sufuria isiyo na haraka, moto mdogo, ijikalie. Sasa mtu aliyekulia kwenye mafiga matatu au jiko la mkaa, hiyo "nyuma ya jiko" ataijulia wapi? Nahau hubeba jiko la watu walioitunga.

Hili la kuponzwa na lugha yako mwenyewe limechunguzwa. Mwaka 1986 Suzanne Irujo alichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa Venezuela, wasemaji wa Kihispania waliokuwa wanakijua Kiingereza vizuri. Aliwapa nahau za aina tatu: zinazolingana kabisa katika lugha zote mbili, zinazofanana kwa sehemu, na zisizofanana hata kidogo. Zilizolingana zilikuwa rahisi kuliko zote, hilo ungelitegemea. Zisizofanana zilikuwa ngumu. Lakini zile zinazofanana nusunusu ndizo zilizowafanya wanafunzi wachanganye, wanapotaka kuzitumia wanaingiza maneno ya kwao. Jiko langu ni ndugu mbaya zaidi wa kundi hilo, kwa sababu picha inakaribiana na maana inapishana.

Chumvi nayo ni mtego. Sisi tukisema fulani anatia chumvi, anakuza mambo. Mwingereza akikwambia uchukue habari "with a pinch of salt", anakuonya usiiamini yote. Maneno yanakutana mlangoni, lakini mmoja anamzungumzia msemaji, mwingine anamshauri msikilizaji. Na aliyekula chumvi nyingi huko kwao hana uzee wowote, labda presha tu.

Kwa nini basi mwenye lugha hajikwai? Mwaka 1979 David Swinney na Anne Cutler waliwaonyesha wasemaji wa Kiingereza mafungu ya maneno, kazi yao ikiwa kubonyeza kitufe kuamua kama fungu lina maana. Nahau kama "break the ice" zilitambuliwa haraka kuliko mafungu ya kawaida kama "break the cup". Watafiti hao waliona kwamba nahau huhifadhiwa akilini kama neno moja refu. Jipime mwenyewe: ukisikia "atakiona cha mtema kuni", unamfikiria mtema kuni? Hapana, unafikiria kipigo. Mgeni ndiye anayebaki porini akitafuta shoka.

Ndiyo maana kukariri orodha ya nahau hamsini usiku kucha hakulipi. Frank Boers na wenzake, katika majaribio na wanafunzi huko Ubelgiji, waligundua kwamba mwanafunzi anayeonyeshwa nahau ilitoka kwenye shughuli gani, iwe mabaharia, farasi au michezo, huikumbuka vizuri zaidi. Mtu yuko "on the ropes"? Mwone bondia aliyebanwa kwenye kamba za ulingo, mikono usoni, anapigwa tu. Hutaisahau. Ila chunga hadithi za mitandaoni. Wapo wanaosimulia kwamba "saved by the bell" ilitokana na watu waliozikwa hai wakiwa wamefungiwa kengele kaburini. Inasisimua, lakini ushahidi unarudi ulingoni: kengele ya mwisho wa raundi ikimwokoa bondia aliyelemewa.

Halafu kuna maneno ya kila siku ambayo hata si nahau. "How are you?" ya kupishana koridoni haiombi taarifa ya afya yako. Bronislaw Malinowski alilieleza jambo hili mwaka 1923: kuna mazungumzo ambayo kazi yake ni kushikanisha watu, si kupashana habari. Wewe unalijua tangu utotoni. Mtu ana homa, ukimuuliza habari anajibu "nzuri", ndipo anaongeza "ila naumwa". Na ukikaribishwa chakula mlangoni kwa mtu hukimbilii kunawa, unapima kwanza kama ni karibu ya kweli. Ipime hivyo hivyo "we should have lunch sometime". Isipotajwa siku, usiahirishe ratiba yako.

Usijilaumu sana ukikosea, maana hata wenye lugha wanagongana. Kwa Mwingereza, "to table" jambo mkutanoni ni kulileta lijadiliwe sasa. Kwa Mmarekani ni kuliahirisha. Winston Churchill amesimulia jinsi neno hilo lilivyozua mabishano marefu kati ya maofisa wa pande hizo mbili wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hadi wakagundua kwamba wote walikuwa wanataka kitu kimoja.

Mimi siku hizi nina kadaftari. Nahau mpya naiandika pamoja na sentensi nzima nilikoikuta, nani alimwambia nani, na picha yake. Na kwenye jambo lenye tarehe ya mwisho, nauliza bila aibu. Mwezi uliopita msimamizi wangu aliniandikia kuhusu kikao: "Let's play it by ear." Nikamjibu kwa Kiingereza chepesi: je, ina maana bado hatujapanga siku? Akajibu ndiyo, kisha papo hapo akapanga: Alhamisi, saa nne asubuhi.