Nyumba Yauzwa Dongobesh: Mnunuzi Ananunua Nini?

Mtu akipita barabara itokayo Mbulu kwenda Haydom, akashuka Dongobesh na kuuliza nyumba ya kununua, hatakosa wa kumwonyesha. Ataambiwa vyumba vitatu, matofali ya kuchoma, bati jipya, shule haiko mbali, na hospitali ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, yafikiwa kwa basi. Yote hayo ni mema, na mnunuzi ayakague kwa macho yake. Apande darini, bomba alifungue wakati wa kiangazi, si masika tu. Lakini liko jambo lisiloonekana kwa macho, nalo limewaliza wengi waliokuja na akiba ya jasho lao: nyumba hii jana ilikuwa ya nani, na juzi?

Wazee wa Kiiraqw walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima, paa tambarare la udongo, ili adui apite asijue kuna watu chini. Nyumba ya leo yasimama wazi, kila mtu aiona; historia yake ndiyo iliyofichika.

Tukumbuke kwamba katika nchi hii ardhi haiuzwi kama gunia la mahindi. Tanganyika ilifuta umilikaji wa daima wa ardhi mwaka 1963, na Sheria za Ardhi za 1999 zasema ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Anunuaye hupata nyumba, pamoja na haki ya kuitumia ardhi iliyo chini yake. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, haki hiyo haihami bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Karatasi iliyoandikwa usiku kilabuni, yenye mashahidi wawili na alama ya kidole gumba, haimpi mtu nyumba. Humpa kesi.

Na mke je? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, yakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia pasipo ridhaa ya mwenzake. Muuzaji akisema, "Mama watoto hana neno," mnunuzi na amsikie mama huyo kwa kinywa chake, mbele ya jirani.

Wala historia haianzi kwa muuzaji. Watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, mashamba mengi yalibadili mikono. Huko Kambi ya Simba, zamani katika Mbulu na leo katika Karatu, baba na mwanawe walifungua kesi mwaka 1987 kudai ardhi yao ya kimila, wakashinda mwaka 1989. Rufani ikiwa bado haijaamuliwa, Sheria Na. 22 ya 1992 ikaja kuzifuta haki za namna hiyo bila fidia. Mwezi Desemba 1994 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Kwa hiyo mzee wa jirani aulizwe bila haya: kabla ya vijiji, nani alilima hapa?

Majibu yakipatikana, mwenyekiti wa kitongoji aonyeshe mipaka, halmashauri ikae, muhtasari utiwe muhuri, ndipo fedha zihesabiwe. Na kama muuzaji ana haraka hata hawezi kungoja kikao, sisi twamshauri mnunuzi apande basi arudi alikotoka.