Sabufa na Ulinganifu wa Sauti Nene

Sauti ni mtetemo wa hewa. Mtetemo ukiwa wa polepole sauti huwa nene. Ukiwa wa haraka huwa nyembamba. Spika ndogo ya kubebeka haiwezi kusukuma hewa nyingi, hivyo sauti zilizo chini ya mitetemo 100 hivi kwa sekunde hufifia. Sabufa, yaani spika kubwa ya sauti nene, huongezwa ili kuziba pengo hilo.

Hata hivyo, mara nyingi sabufa ikishawashwa katika sherehe ya shule, kishindo husikika mbali lakini hotuba haieleweki. Sauti nene yenye nguvu hufunika sauti nyembamba, zikiwamo konsonanti ambazo hulitenga neno moja na jingine.

Jambo la kwanza, basi, ni kugawa kazi. Mitetemo iliyo chini ya 100 ipelekwe kwenye sabufa, na iliyo juu yake kwenye spika ndogo. Zote mbili zikifanya kazi ileile, sauti nene hurundikana.

Jambo la pili ni kupatana kwa mawimbi. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde; kwa hiyo wimbi la mitetemo 100 lina urefu wa mita 3.4. Sabufa ikiwa nyuma ya spika kwa mita 1.7, kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la jingine, nayo yakadhoofishana. Nyaya za sabufa zikigeuzwa, hali huwa hiyohiyo hata spika zikiwa sambamba. Fundi asiyejua huongeza nguvu bure, mwishowe koili ikaungua.

Jambo la tatu ni sikio lenyewe. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Marekani walionyesha kwamba sikio huzisikia kwa shida sauti nene zilizo hafifu, lakini tofauti hiyo hupungua sauti zinapopandishwa. Ndiyo maana ulinganifu uliopangwa kwa sauti ndogo huzidisha unene sauti inapokuzwa.

Utaratibu ufaao ni huu: sabufa ikiwa imezimwa, mwanafunzi mmoja asome kwa sauti itakayotumika, mpaka maneno yaeleweke. Kisha upigwe muziki, na sabufa ipandishwe kidogo kidogo. Mtambo uzimwe, nyaya za sabufa zigeuzwe, na jaribio lirudiwe. Mpangilio unaotoa sauti nene yenye nguvu zaidi karibu na mpaka wa mitetemo 100 ndio sahihi. Mwisho, fundi atembee uwanja mzima, kwani ulinganifu wa jukwaani si lazima uwe ule wa safu za nyuma.